Kitabu cha Injini

Zeyana, leo nimejiaibisha, salamu baadaye.

Msabaha anataka kuiongezea nguvu injini ya ile pikipiki yake ya magurudumu matatu, isikwame mchangani Makurunge. Nikamwambia ampelekee fundi. Akanijibu, "Fundi wa nini, na mke wangu anasoma ngumbaru? Nisomee kitabu, nifungue mwenyewe."

Kitabu chenyewe Kiingereza, shoga. Kiingereza! Nikaona haya kusema, nikawa nabuni kwa kutazama picha: "Fungua hapa. Toa hiki."

Sasa injini imelala mkekani vipande vipande, mwanangu anachezea pistoni.

Nikamwambia ukweli. Hakufoka. Kaniuliza tu, "Na barua ya mama uliyonisomea juzi, kwamba nikuache uendelee na masomo, nayo ulibuni?"

Wallahi ile niliisoma neno kwa neno. Haniamini.