Nywele Nyuma ya Picha ya Eliphalet

Newburyport, 14 Septemba 1801

Eliphalet wangu anaoa, na amechorwa kwenye kipande cha pembe ya ndovu! Salamu sasa na zifuate, mdogo wangu Mehitabel. Hujambo? Goti la shemeji limepona? Sisi wazima, ila mimi wivu unanitafuna.

Hiyo picha ni ndogo, ya kutiwa kwenye kidani cha shingoni, inaenea kiganjani, lakini mwanangu yumo mzima: pua ya marehemu baba yetu, macho yangu. Mchoraji mwenyewe alikiri kwamba tangu atoke Boston hajapata kuchora kijana mwenye paji la uso kama lile. Sikumbishia. Nikajua kidani ni changu, maana nani aliyemnyonyesha? Nikashona na utepe wa kukivalia kanisani.

Kumbe ni cha mchumba wake, Temperance, binti wa mtengeneza mapipa! Eliphalet akanicheka: eti mama, wewe unaniona kila siku nikimaliza maharage yako, picha ya nini tena? Nikacheka naye, huku moyoni nawaka.

Tena akanituma mimi kwa sonara! Si unajua nyuma ya picha, chini ya kioo, husukwa nywele za wapendanao? Akanipa kishungi chake na cha Temperance, nivipeleke vikasukwe pamoja.

Sasa hili usimsomee shemeji. Njiani nilizitupa nywele za yule binti, nikakata zangu. Rangi ni ile ile, nani angejua?

Temperance alijua. Jana alipovishwa kidani mbele yetu alikigeuza, akaona mvi mbili. Akanitazama. Nikaona harusi inavunjika na mwanangu hatanisemesha tena. Eliphalet akasema, "Lete na sisi tuone." Binti akafunika kwa kiganja, akamjibu kwamba sonara kafanya kazi safi, hayo mengine ni siri ya wanawake.

Baadaye, tukimenya matofaa jikoni, akaninong'oneza, "Mama, si ungesema tu? Tungesukwa watatu."

Nililia, Mehitabel. Na bado namwonea wivu, safari hii wa huo moyo wake. Leo nimempelekea mkasi wangu akate nywele zake, na kishungi kipya cha Eliphalet. Aende kwa sonara mwenyewe.

Wabusu watoto, mwambie shemeji aje hata akichechemea. Nawataka nyote hapa, asikose hata mmoja, Alhamisi tarehe 8 Oktoba.

Dada yako akupendaye,
Dorcas Pettingill