Kioo Nilichokisugua kwa Majivu

Mpendwa binti yangu Mwikali,

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba kioo kinachoonyesha ng'ambo hakina kitu juu yake. Nimefundisha fizikia hadi nikastaafu, na kosa hilo nimelifanya mimi.

Unakumbuka ulivyonieleza hapa Kalamba, kioo kikiwa kimesimamishwa juu ya meza ya jikoni? Ulisema umekipaka utando mwembamba wenye chembe za nano, ndogo kiasi kwamba vumbi letu likiwekwa kando yazo ni mlima. Mwanga wa kawaida huzipita bila kujikwaa, ndiyo maana tunaona upande wa pili. Lakini zikimulikwa kwa ule mwanga usioonekana kwa macho, huunywa, kisha huutoa tena ukiwa wa kijani. Nikakuuliza kama mwalimu, "Na zisipomulikwa?"

Ukacheka. "Zinalala, Baba. Kama darasa lako la saa nane mchana."

Ulikitengeneza kwa ajili ya mama yako. Masikio yake yalikuwa yameziba kabisa, naye alichoka kuinamia simu kusoma tuliyosema huku nyuso zetu zikimpita. Ukaketi nyuma ya kioo, ukasema, na mashine yako ndogo ikayaandika maneno kwa mwanga hapo katikati yenu: MAMA, CHAI IKO TAYARI. Akayasoma, na papo hapo akakuona unavyotabasamu nyuma ya maneno hayo.

"Haya!" akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake. "Sasa mzee huyu hana pa kunung'unikia nisijue!"

Asubuhi ile ya wageni, wale waliotoka Nairobi kuamua kama watafadhili kazi yako, ulikwenda kuwapokea Sultan Hamud. Nikaona kama ukungu kwenye kioo. Unajua shida yetu ya maji. Hapa kila kinachotakiwa kung'aa husuguliwa kwa majivu, sufuria na vikombe, tangu enzi za nyanyako uliyebeba jina lake. Nikachota majivu, nikachukua kipande cha gunia, nikasugua kwa upendo mpaka kikang'aa.

Ukaongea mbele ya wageni. Kioo kikabaki kitupu. Ukaongea tena. Ukaigusagusa mashine. Ndipo jua la dirishani likanionyesha mikwaruzo ya duara, kama ile ya kwenye sufuria. Nilijua pale pale. Utando wako ulikuwa umebaki kwenye gunia. Na badala ya kukiri, nikatoa maneno ya darasani: "Mwanafunzi makini hupima kabla ya kuonyesha."

Mgeni mmoja akaitikia kwa kichwa. Wewe ukanigeukia.

"Nilipima, Baba. Nilipima jana."

Kesho yake hukuwepo.

Mwaitu, yaani mama yangu kwa lugha yetu, ndivyo nilivyokuita tangu uzaliwe, kwa kuwa una jina la mama yangu. Mbele ya mama yangu ningepiga magoti, basi nakupigia wewe. Kazi yako haikushindwa. Ni mimi niliyeifuta, kisha nikakuacha uaibike peke yako. Wiki hii nimemwandikia mama yako ukweli huo kwenye karatasi. Alisoma, akaigeuza kifudifudi mezani. Hajaniangalia tangu hapo.

Misimu miwili ya mvua imepita. Nambari yako haipatikani. Nimeuliza duka kwa duka Sultan Hamud. Nimefika hata Tseikuru, kwa sababu mtu alisema kuna msichana mgeni huko anayetengeneza simu. Hakuwa wewe. Sasa naiachia barua hii ipite kwenye simu za watu wa kanisa, kila mtu asome aibu yangu, mradi ikufikie. Sijui tena nikutafute wapi.

Mama yako hashindi tena shambani. Hukaa na simu mapajani, na kwa kuwa haisikii ikilia, hathubutu kuiondolea macho. Hata akila anaitazama. Amekonda, Mwikali. Nami niliyependa kueleza kila kitu sina cha kumweleza.

Usinisamehe kama huwezi. Usirudi kama hutaki. Ila leo, kwa simu ya yeyote aliye karibu nawe, mwandikie mama yako maneno mawili: Niko hai.

Aliyekukosea,
Baba yako