Asilimia Mbili za Akiba

Jumatatu, 3 Machi

Leo karakanani nimeipima ile SSD ya Baba, diski yake ya kuhifadhia mafaili. Akiba: asilimia mbili. Mbili! Nikadhani programu imekosea, nikapima tena. Mbili.

Asubuhi tu nilikuwa namweleza mteja kwa mbwembwe: kila diski ya aina hii imefichiwa nafasi ya ziada kiwandani, huioni, huwezi kuweka kitu. Sehemu ikichoka, nyingine inatoka akibani kuziba pengo, kimyakimya. Kwa hiyo unaona mambo shwari mpaka siku akiba inapokwisha. Akasema, akiba haiozi. Nikacheka naye, mjinga mimi.

Nimeitia diski drooni. Kesho.

Jumatano, 5 Machi

Bado iko drooni. Naogopa kuifungua, ndiyo kweli yenyewe.

Baba alitangaza treni stesheni miaka thelathini. Siku tatu kabla ya upasuaji wa koo alijirekodi kwenye diski hii: hadithi ishirini na moja za mjukuu ambaye hata mimba yake haikuwapo. Akanikabidhi. Wewe ndiye fundi, akasema. Sasa hasemi tena, anaandika kwenye kibao.

Na mimi? Nusu ya diski ilikuwa tupu, nikaigeuza kituo cha mafaili ya wateja. Jaza, futa, jaza, futa, kila siku, mwaka na nusu! Kila ukiandika upya diski inachakaa — nawahubiria watu hilo kutwa. Nakala nyingine sikuweka. Mganga hajigangi.

Ijumaa, 7 Machi

Dada kapiga simu. Tumbo limeshuka, atajifungua wiki hii au ijayo. Anazitaka zile hadithi. Eti Baba kamwandikia: usihofu, sauti yangu iko kwa fundi wetu.

Nimesema ndiyo, ziko. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeileta nyumbani, nikaichomeka. Akiba: sifuri. Imejifunga, haipokei kitu tena. Inasomeka, lakini kwa kujikokota. Za namna hii nimeshazika tatu: zinasomeka mpaka uzime. Ukizima, haziamki. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nakopi. Asilimia kumi na moja.

Jumapili, 9 Machi

Thelathini na nane. Imeganda hapo tangu asubuhi.

Nimebandika karatasi juu ya swichi: USIZIME. Namjua Baba — taa, feni, redio, hapiti bila kuzima. Mchana kaja, kaisoma, kaniangalia. Kaandika kibaoni: Umekonda. Zima hilo dude, ukale. Kidole tayari kiko kwenye swichi! Nikamdaka mkono. Nimemminya, masikini, mpaka kashtuka.

Akafuta kwa mkono wa shati, akaandika tena: Kuna nini humo?

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akasubiri, akasubiri, kisha akanisukumia kibao na chaki huku mabega yakimcheza kwa kicheko. Anasikia vizuri tu yule, ananitania.

Ameenda kuchemsha chai. Kibao kiko mapajani, swali lake bado lipo. Nimeandika "Baba", nimefuta. Ndiyo maana nimekimbilia humu daftarini.

Nasikia vikombe. Anakuja.

Bado thelathini na nane.