Herufi A Haikugeuka

Miyuji, Dodoma
Februari, 1998

Kwako dada Emiliana,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama na watoto wote wa hapo Mlali, na mvua iwe imewaachia japo mtama kidogo shambani. Mimi nimetoka kuumwa malaria. Sasa nasimama, ila kubeba karatasi kumenimaliza mgongo. Barua yako Bartolomayo alinifikishia alipokuja mjini kutoka huko kwenu, na nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Dada, kabla hujaendelea kusoma, nenda pale zahanati unapofanya kazi ukaibandue ile picha ya mahali pa kuchoma sindano, ile iliyotoka kwetu kiwandani. Ichane. Mwambie mwenzako Cecilia asimchome mtu yeyote kwa kuifuata. Najua tangu nesi wenu apunguzwe kazi yeye ndiye anayeshika sindano, na hana cha kumwongoza ila picha hiyo. Ukisharudi ndipo usome haya mengine.

Unajua Bwana Harithi, tangu akinunue kiwanda hiki cha chapa, ameleta kompyuta. Fundi wake ni Sostenes. Sostenes hachori kwa mkono. Anaiandikia kompyuta maagizo, piga duara hapa, pitisha mstari pale, nayo inachora. Herufi za kwenye picha huwekwa baadaye. Zile za kihesabu, za kutaja pembe na sehemu, lazima zilale kidogo. Maneno ya kawaida husimama wima. Mimi niliyeishia darasa la sita nilikuwa nikisimama nyuma yake kila nikipeleka karatasi, akanifukuza mpaka akachoka, akanifundisha. Bwana Harithi akawa ananiita profesa wa mabegani, akiuliza leo profesa atafundisha au atabeba. Wenzangu walicheka, nami nilicheka. Lakini moyoni nilifurahi, dada. Tangu nitoke nyumbani sijawahi kupewa kazi ya kukaa.

Sostenes alinionyesha njia mbili za kuweka herufi, kisha akaniachia kazi hiyo. Ya kwanza ni kuifunga kwenye nukta iliyopewa jina, hivyo nukta ikihama herufi nayo inaifuata kama ndama. Ya pili ni kupima kutoka kwenye kona ya karatasi na kuiweka hapo, basi. Ile ya kwanza ina mabano mengi, ilinitatiza. Nikawa natumia ya pili kimyakimya.

Picha yenu mwanzoni ilikuwa ya kalio la kulia, kwa nyuma, limegawanywa kwa msalaba kuwa robo nne. Robo ya juu ya upande wa nje, ndipo penye usalama, niliweka A. Chini ikaandikwa: choma robo A tu. Kisha wenye kazi, wale waliotuagiza picha, wakaja wakataka kalio la kushoto. Sostenes akaandika agizo moja tu, picha ikageuka kama sura kwenye kioo. Alikuwa na haraka ya kwenda msibani Ihumwa, akaniambia niangalie herufi, zikiwa sawa wachape.

Zilichapwa, zikasambazwa kabla mvua haijakata barabara.

Wiki iliyopita homa iliponizidi nilikwenda zahanati ya hapa kuchomwa sindano. Nesi akapapasa upande wa nje. Nikamtania kwamba amekosea robo, kwamba kwa sisi wachapaji, kwenye picha yetu iliyo ukutani kiwandani, A iko ndani, karibu na uti wa mgongo. Hakucheka. Aliishusha sindano akaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Akanieleza kwamba upande wa ndani ndiko unakopita mshipa mnene wa fahamu unaoshuka mguuni, na mtoto akichomwa huko mguu unaweza kupooza. Nilitoka pale nikaenda kiwandani, homa sikuisikia tena. Nikaitazama nakala iliyobaki ukutani. Mistari yote imegeuka. A imebaki palepale nilipoiweka.

Nilimwambia Bwana Harithi. Aliketi juu ya marobota ya karatasi, hakuniita profesa. Amewapelekea wenye kazi habari, na picha nyingine zinachapwa, lakini magari hayafiki huko kwenu. Ndiyo maana nimemwomba Bartolomayo ageuze na barua hii, pale gari linapoishia ashike njia kwa miguu.

Sasa nifike ninapopaogopa. Sostenes aliponiambia niangalie, niliangalia kweli. Niliangalia kama A imelala vizuri. Ilikuwa imelala, nyeusi, wino haujatapakaa. Nikajivuna nayo. Nikasema iko sawa, chapeni. Imekaa wapi, sikutazama. Ile sawa niliisema mimi, dada, si Sostenes.

Na wewe umeniandikia, kwa utani wako uleule, kwamba mwanao Ruthu tangu achomwe sindano na Cecilia anaburuta mguu kila akitumwa maji, eti amerithi uvivu wa mjomba wake. Ukasema umemchapa. Dada yangu, usimchape tena. Hadeki. Mpelekeni hospitali hata kwa kumbeba mgongoni, mkawaeleze sindano iliingia wapi. Nesi aliniambia wengine hupona wakiwahiwa. Sijui kama alisema kweli au aliniona ninavyotetemeka.

Ila umeandika mguu tu, hukusema upi. Picha ni ya kushoto. Usiku kucha najiambia huenda Cecilia alichoma kulia, kwa akili yake mwenyewe, na mtoto ana jambo lingine dogo la kupita. Nalishikilia hilo.

Msalimie mama, umwambie nimepona, mengine umfiche kwanza. Wasalimie jirani wote wanaoniulizia. Ruthu mpe pole ya mjomba wake, usimwambie ni pole ya nini.

Nimemwambia Bartolomayo asiondoke hapo mlangoni kwako bila jibu. Kama una hasira, usiniandikie barua. Mwambie neno moja tu aje nalo: kulia, au kushoto.

Ni mimi mdogo wako,
Zablon