Maombi ya Kufungwa kwa Banda la Gemu, na Ninayoyakiri Juu Yake

Wawi, Jumatano, baada ya sala ya alasiri.

Kwako Shajara, na kwa yeyote atakayepitia ukurasa huu,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, kusudi la waraka huu ni kukiri jambo ambalo sijamkiria mtu yeyote, kwa kuwa aliyekuwa akinisikiliza ametangulia mbele ya haki, na kuta za nyumba hii nimekwisha kuzichosha.

Hali ya hewa ni ya mawingu. Tangu asubuhi mvua inatishia bila ya kunyesha, na kila nyumba imeacha mtu mmoja wa kulinda karafuu zilizoanikwa majamvini. Mimi sina karafuu. Nimekaa barazani nikitazama juu pamoja nao.

Upande wa pili wa njia, banda la gemu la Bi Saada limefungwa kwa wiki ya pili sasa. Sikudhani kwamba ningelikumbuka hivi. Kila alasiri zilikuwa zikitoka humo sauti za risasi, magari yakigongana na vicheko vya vijana, nami nilikuwa nikinung'unika kwamba siwezi kuandika kwa utulivu. Lakini kila kijana, kabla ya kuingia, alinipitia hapa. Shikamoo, Mzee Othman. Marahaba, mwanangu. Huenda ikawa mara ishirini kwa alasiri moja.

Leo nimeitikia mbili.

Banda limefungwa kwa sababu ya barua niliyoiandika mimi.

Naomba nijieleze kwa mpangilio. Mimi ni mwandishi wa barua za watu. Shule niliiacha darasa la saba, na lugha hii ninayoiandika nimejifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na kwa nyaraka za serikali zilizobandikwa ukutani. Mwenye shauri la ardhi, la mirathi au la mbuzi aliyekula mihogo huja kwangu, nami humwandikia kwa Sheha, mkuu wa mtaa wetu, au kwa Mkuu wa Wilaya, kwa lugha isiyoweza kurudishwa. Simkatai mtu. Mkono wangu ni kama wembe wa kinyozi, hauulizi kichwa ni cha nani.

Wiki mbili zilizopita, mbele ya banda hilo, Juma mwana wa Mzee Masudi alimpiga Khamis mwana wa Mzee Faki kwa ngoe, ule mti wenye ncha ya kulabu ambao wachumaji huvutia matawi ya mkarafuu. Khamis alipasuka juu ya sikio na akashonwa nyuzi tisa. Mpaka leo analala kwa ubavu mmoja. Vijana hao wana umri wa miaka kumi na tisa, na tangu utotoni wamekuwa hawaachani.

Jioni ile ile wazee wa mtaa walikuja barazani kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mke wangu, viti vyangu havikutosha. Walikuwa wamekwisha kukubaliana: ni gemu. Watoto wanafundishwa kuua kuanzia saa tisa mpaka magharibi, kisha tunashangaa wakipasuana vichwa. Wakanitaka niandike maombi ya kulifunga banda.

Niliandika. Niliandika kwa raha, Shajara, na hilo ndilo la mwanzo ninalolikiri. Niliandika kwamba “inathibitika pasi na chembe ya shaka kuwa jicho lililozoea damu ya kwenye kioo halitaogopa damu ya jirani.” Wazee walinitaka nilisome tena lile la jicho. Nililisoma mara tatu. Hakuna aliyeniuliza limethibitika wapi.

Na waliotia saini ni nani? Ni watu niliowaona ujanani wakicheza kirumbizi harusini, fimbo kwa fimbo, mmoja akimlenga mwenzake utosi, kisha wakala pilau katika sinia moja. Ni watu waliopanda miti kuutazama mchezo wa ng'ombe, wakimshangilia dume mwenye kumtupa mtu juu. Hayo sikuyaandika. Hayakuwa na nafasi katika barua iliyojengwa vizuri.

Sheha alilifunga banda kwa muda, akasema uamuzi atautoa kesho, Alhamisi, baada ya alasiri. Nilijiona nimeshinda.

Leo saa nne asubuhi, Bi Saada amekuja.

Bi Saada ni mjane kama mimi nilivyo mgane, na banda lile ndilo linalomlisha yeye na mama yake asiyeinuka kitandani. Nilidhani amekuja kunitukana, nikaanza kutayarisha jibu. Akaketi, akaweka kipande cha mkate wa kumimina juu ya meza, akasema anataka nimwandikie barua ya kujitetea.

Nikamwambia, “Bi Saada, ile barua ya wazee niliiandika mimi.”

“Najua ni yako. Mtaa mzima walitaja lile jicho. Ndio maana nimekuja kwako. Ya kwako ataijibu nani mwengine?”

Nikachukua kalamu. Haya pia nayakiri: nilikwisha kuanza kutafuta sentensi ya kulivunja lile jicho, na nilikuwa naiona inakuja.

Akaanza kunisimulia siku ya ugomvi. Siku hiyo Juma hakuingia bandani. Alitoka shamba moja kwa moja, na ngoe yake mkononi. “Nani huenda na ngoe kwenye gemu, Mzee Othman? Kule alikuwa akenda kuchuma tivii?” Khamis alikuwa amekaa kizingitini, hajashika hata kidude cha kuchezea, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijafika.

“Basi waligombana kwa lipi?” nikamwuliza.

“Sijui. Ila walitukanana kama wasoma hotuba. Wale watoto mimi nawajua matusi yao, nayasikia kila siku, hayaandikiki. Siku ile Khamis kamwambia mwenzake, nyie ni watu mliotua kisiwani na mikono mitupu mkavishwa msichokishona. Na Juma naye kamjibu, nanyi ni ukoo uliojengewa nyumba kwa migongo ya wenzenu. Kisha ndio akampiga. Mie nikajisemea, haya maneno wameyasoma mahala.”

Akanitazama. Sijui kama alinitazama kwa kujua au kwa kungoja tu. Nikamwambia nakwenda kumtilia chai.

Jikoni sikuwasha moto.

Maneno yale ni yangu.

Kwa msomaji asiyejua, naomba nieleze. Mzee Faki na Mzee Masudi wamepakana mashamba. Mikarafuu ya upande ule ilipandwa na babu yake Mzee Faki. Baada ya Mapinduzi, baba yake Mzee Masudi, ambaye asili yake ni bara, alipewa hapo eka tatu kama wengine wengi walivyopewa. Mipaka ilipitishwa kwa macho, na mikarafuu mitatu ikabaki katikati, kila mmoja akisema ni yake. Kwa miaka mingi walikuwa wakichuma kwa zamu, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule, na wakisalimiana. Miaka mitatu iliyopita wakasahau zamu ni ya nani. Mzee Faki akaja kwangu nimwandikie kwa Sheha. Baada ya wiki moja, Mzee Masudi naye akaja nimjibie.

Nikamjibia.

Sikumwambia yeyote siri ya mwenzake, na nilijisifu kwa uaminifu huo. Lakini niliijua kila barua kabla sijaijibu, kwa kuwa niliiandika mwenyewe, na kila jibu nililitaka liwe kali kuliko lililotangulia. Wazee wale walikuwa wakiniambia, “Mwambie ile mikarafuu ni yangu.” Hayo tu. Mambo ya mikono mitupu na ya migongo ya wenzao hawakuyasema wao. Niliyatia mimi ili barua iwe na uzito. Baada ya Bi Saada kuondoka nimezitoa nakala zangu, nikakuta barua kumi na moja. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikibishana na mimi mwenyewe kwa vinywa vya watu wawili.

Na wazee wale hawasomi. Kila barua iliyokwenda kwa Sheha ilimfikia mlalamikiwa kwa nakala, nami ndiye niliyesisitiza nakala kwa kuwa ndio utaratibu. Nani aliyewasomea? Wana wao. Juma alikaa chini mbele ya baba yake akamsomea, kwa sauti, kwamba wao ni watu waliotua na mikono mitupu. Khamis alikaa chini mbele ya baba yake akamsomea kwamba nyumba yao imejengwa kwa migongo ya watu. Mara kumi na moja, baina yao. Na barua ya baba yake mwenyewe, kila mmoja aliichukua kwangu kuipeleka kwa Sheha, akaisoma njiani. Ni watoto waliosoma, wana kumbukumbu nzuri. Mwaka huu mikarafuu imezaa sana, na ile mitatu imezaa kuliko yote.

Sasa suala la gemu. Sitaki kujitoa kosani kwa kuitakasa. Niliwahi kuingia mle bandani mara moja, msimu uliopita, mvua iliponikuta njiani. Vijana wakanipisha kiti, wakanitia kile kidude mkononi. Nikawa napiga risasi ovyo.

“Mzee Othman, hao wetu hao,” Khamis akaniambia. “Wauwa wetu.”

“Mwache,” akasema Juma, “ndio mara ya kwanza kupata nguvu tangu azaliwe.”

Walicheka mpaka wakashikana. Nami nakumbuka kwamba kwa dakika chache nilikuwa na hasira ya kweli na yule mtu wa kwenye kioo aliyeniua. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mchezo ule haumfanyi mtu kitu. Labda kwa mwengine unafanya zaidi. Sijui, na katika barua niliandika kwamba najua. Ninachokijua ni kwamba hasira yangu iliisha kabla kanzu haijakauka. Na ninajua kwamba vijana wale wawili katika mchezo walikuwa upande mmoja, Juma akitangulia, Khamis akimlinda mgongo. Hayo niliyaona kwa macho yangu, nayo pia sikuyaandika.

Nimekaa na jambo hili tangu saa nne, na sasa ni karibu ya magharibi.

Nikisema, nitabaki na nani? Binti yangu Zuhura yuko Maskati, hunipigia kila Ijumaa, na ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni ili nipate mtu wa kumsemeza. Wengine wote wanaopanda baraza hii hupanda kwa ajili ya barua. Hunywa kahawa yangu wakiwa wanangoja sentensi zao. Nani atamletea shauri lake mtu aliyewapasua watoto wa majirani kwa maneno ya kupamba? Wataniamkia njiani, kwa kuwa ni watu wa adabu. Hawataketi.

Nikinyamaza, viti vitajaa tena kesho. Bi Saada atauza tivii zake. Na mikarafuu mitatu itabaki pale pale, pamoja na mikono mitupu na migongo, na mara ya pili ngoe haitakosea ikapiga juu ya sikio.

Mkate wa kumimina bado uko mezani. Sijaukata. Si haki yangu kuula mpaka niwe nimeandika alichokuja kukiomba.

Basi nimeandika. Ni barua fupi kuliko zote nilizopata kuziandika. Nimeitafutia pambo, kisha nikaliondoa. Nitaipeleka kwa mkono wangu kesho kabla ya kikao. Usiku huu nitapita kwanza kwa Mzee Faki, kisha kwa Mzee Masudi, niwasomee mimi, wasisomewe tena na wana wao.

Kwa Sheha. Assalaam alaykum. Mimi Othman niliandika maombi ya kufunga banda la Bi Saada, nami nilisema nisilolijua. Maneno waliyotukanana Juma na Khamis niliyatunga mimi katika barua za baba zao. Wazee hao hawakuniagiza kuyasema. Nakala zote kumi na moja nimeziambatanisha. Naomba banda lifunguliwe. Naomba wazee wawili waitwe, wakubaliane upya zamu ya mikarafuu mitatu, kwa mdomo, mbele ya wana wao, bila ya barua. Na kuhusu mimi, kama niendelee kuwaandikia watu au niache, naomba uamuzi.