Jina Ulilompa Mbaraka

Mama Mkubwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyorudi nayo kutoka Unguja ukanifundisha jikoni kwako mtaa wa Badjanani, Moroni, maana nataka haya yabaki baina yetu. Mama anachungulia begani kwangu na haelewi ila jina lako. Ameshalia mara mbili kwa kulitazama tu.

Tangu utuache, mambo yamepinduka. Ulizikwa bendera mpya haijapauka. Sasa imepauka, watumishi wa serikali wamerudishwa majumbani, harusi kubwa zimepigwa marufuku, na nchi wamekabidhiwa vijana wa rika langu. Hao ndio wanaoamua mzee yupi mwema na yupi adui wa mapinduzi. Makaratasi ya serikali yamechomwa, na ya vizazi yamo. Ushahidi uliobaki kwamba mimi nilizaliwa ni kwamba wewe ulivuka bahari kutoka Moroni kuja hapa Mutsamudu kumzalisha mama, na ukawasimulia watu wote.

Lakini nataka kukwambia habari za Mbaraka.

Unamkumbuka. Mama aliponileta kwako nisome Moroni, nilikuwa na miaka kumi na mmoja na maneno ya Mutsamudu mdomoni. Kila nilipofungua kinywa, Mbaraka aliyarudia kwa sauti ya pua, na darasa zima likaanguka kwa kicheko. Alininyang'anya mkate, akanilazimisha niuombe kwa Kingazija, lugha ya kwao Moroni, na nikikosea neno akaula. Basi nikaamua kunyamaza. Nilinyamaza wiki tatu, hadi mwalimu akaja nyumbani kukuuliza kwa upole kama mtoto alizaliwa na ulimi.

Kesho yake mchana ulisimama mlangoni pa shule na kikapu chako cha ukunga, ukamwita Mbaraka mbele ya watoto wote. Ukawaeleza kwamba wewe ndiye uliyempokea duniani, kwamba siku ya kwanza hakulia hata kidogo, na watu walishaanza kukata tamaa, mpaka kuku aliporuka kitandani. Hapo mtoto alipiga ukelele uliosikika hadi msikitini, akajikojolea na kumkojolea nyanya yake.

Siku hiyo Mbaraka akawa Kuku. Walimlilia kama kuku darasani, uwanjani, njiani hata akienda kuswali. Na mimi nililia kama kuku kuliko wote, Mama Mkubwa. Lilikuwa jambo la kwanza nililoweza kusema Moroni bila kuchekwa, kwa kuwa kuku wa Mutsamudu na kuku wa Moroni hulia sawasawa. Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. Mwaka haukuisha, Mbaraka akaacha shule. Hatukuuliza kwa nini.

Ulipofariki nilirudi nyumbani Mutsamudu, na walimu walipoondolewa nikapewa darasa la watoto wadogo. Wiki mbili zilizopita likashuka bandarini kundi la vijana kutoka Moroni, vitambaa vyekundu mikononi, na mkubwa wao alikuwa Mbaraka. Amerefuka, na sauti imekuwa nzito. Siku ya tatu walimnyoa kichwa mzee mmoja wa mtaa wa juu, wakasema ni mganga. Mzee yule hajatoka nyumbani mpaka leo, na mkewe anasema chakula kinarudi kama kilivyokwenda.

Kisha wakamchukua Fundi Hamadi, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyetufundisha juzuu zetu zote. Walikuta kwake chupa ya maji meusi, wakasema ni uchawi, wakamfunga chupa shingoni na kumzungusha vichochoroni wakiimba. Fundi, unavyomjua, alikuwa akiwasahihisha matamshi. Walimfikisha uwanjani na wembe ukatolewa.

Mama alinivuta mkono. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsimulia kisa kile, kila likizo, na kila likizo nilikiongeza chumvi. Akaninong'oneza, "Zalihata, litaje lile jina. Mji mzima utamcheka, na wembe utamdondoka."

Nilikwenda, jina likiwa ncha ya ulimi. Mbaraka akaniona. Mama Mkubwa, kijana mwenye bunduki mbili nyuma yake alibadilika rangi kwa ajili ya msichana mwenye chaki kwenye vidole. Mabega yake yalishuka, na nikamwona tena mvulana aliyekuwa akizunguka mtaa mzima wa Volo Volo kule Moroni ili asipite mbele yetu. Nikamtazama Fundi, nikaona mabega yake yameshuka vivyo hivyo.

Nikasema, "Mbaraka, nimekuja kukuomba radhi. Yale tuliyokufanyia Moroni hayakuwa haki. Ulinionea, kweli, lakini tulikulipa kupita kiasi. Na huyu mzee hakuwapo."

Watu walivunjika moyo. Walikuja kusikia jina. Wenzake wakaanza kumuuliza mambo gani hayo ya Moroni, naye akababaika, akatafuta pa kujificha, akaipata chupa. Akatangaza kwamba mapinduzi hayahukumu bila uchunguzi, na kwamba yeye mwenyewe ataipima dawa hiyo ya mchawi. Fundi alijaribu kumwambia. Mbaraka akamwamuru anyamaze, akanywa mafunda matatu.

Ulikuwa wino, Mama Mkubwa. Wino wa masizi wa kuandikia mbao za chuoni.

Mbaraka akafungua kinywa chenye meno meusi na kutamka rasmi kwamba hakuna uchawi. Fundi, kamba ingali shingoni, akamwambia kwa huruma, "Mwanangu, sukutua na maziwa. Maji yatauzidisha." Uwanja ukacheka, na kwa mshangao wangu Mbaraka naye akacheka, meno yote nje. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuchekwa akiwa ndani ya kicheko. Kamba ikafunguliwa. Wembe ukarudi mfukoni.

Jioni alikuja barazani kwetu, mdomo ungali wa kijivu. Mama alimpa maziwa na kumtazama vibaya kwa wakati mmoja. Nilimwambia bado kuna nyumba moja mtaa wa juu inayomngoja. Alimaliza maziwa, akaondoka. Lakini asubuhi nilimwona akipanda huko peke yake, bila kitambaa, na mkungu wa ndizi begani. Mzee hakumfungulia. Amekwenda tena jana na leo. Mke wa mzee anasema leo mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha ndizi.

Siwezi kukukasirikia. Ulinipenda, na ulitumia silaha uliyokuwa nayo. Ila katika darasa langu nimeikataza. Juzi walimcheka mtoto wa karani kutoka Ngazidja, kisiwa cha Moroni, kwa anavyosema "maji". Nilimwondoa aliyeanzisha kicheko, nikamketisha kando yangu, sikumchekesha mtu juu yake. Ilinigharimu, maana ana masikio makubwa sana na nina damu yako.

Nakuahidi hivi: hakuna mtoto atakayetoka mikononi mwangu na jina ambalo hakupewa na wazazi wake. Mungu akulaze pema, akupe usingizi ambao wakunga hamkuwahi kuupata.

Baada ya mfungo nitavuka kuja kukusomea Yasini. Mbaraka atakuwa amesharudi Moroni, naye ameomba tuje pamoja kaburini kwako, anasema ana neno lake kwako. Nimemwambia asimame upande wa kulia wa kaburi na aseme kwa sauti, kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa halisikii, na lile la kulia lilikuwa likisikia linayoyataka.

Mwanao,
Zalihata