Sisi Watatu wa Bendera

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Mzee Zebedayo amefariki. Nimeambiwa na muuza mkaa! Kufika msibani, shemasi Naserian ameshaomba na familia, mwalimu Gidion anapanga kwaya. Shikamoo mchungaji, marahaba — basi. Miaka kumi na tisa nazika watu wa hapa Bendera, leo nimekaa kama mgeni.

Na wazo lilikuwa langu! Mke wangu, Mama Asheri, alipofariki nilichoka. Nikawaambia washirika: sisi Wamennonite hatuna bwana kanisani, tuongoze watatu, mimi, Naserian na Gidion. Walipiga makofi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tumemzika. Naserian kahubiri, vizuri sana. Wajane wote wakamzunguka yeye.

Nimepika makande. Mengi mno. Bado napikia wawili.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mzee Wilbard kaja. Kwake yeye mchungaji ni mmoja, hao wawili ni wasaidizi tu. Nikitaka waondoke niseme, yeye na wenzake watalimaliza.

Nilipaswa kumkatalia. Nikasema hao hawaniulizi chochote siku hizi. Uongo! Jumatatu Gidion alinipigia simu mara mbili, sikupokea. Pengine ni habari ya Zebedayo kuzidiwa.

Wilbard alikaa mpaka jioni. Nilifurahi kuwa na mtu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kikao chetu watatu. Naserian aliniuliza kama nina neno moyoni. Nikasema sina.

Jumapili, 13 Oktoba

Saa nane mchana, ofisini kanisani. Baada ya ibada Wilbard alisimama: mchungaji ametengwa, amenyang'anywa kazi, amemwambia kwa kinywa chake! Minong'ono kila benchi. Naserian akanigeukia.

"Baba mchungaji, ulisema hivyo?"

"Nilisema."

Hakufoka. Afadhali angefoka! Akasema kama wameniumiza wanaomba radhi. Kikao cha washirika cha mchana huu nikiongoze mwenyewe, wao watasikiliza. Gidion alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitaka kumwambia habari ya zile simu, pale pale, mbele ya watu. Sikuweza.

Kengele inalia. Nachungulia kanisani kwa dirisha la ofisi. Naserian na Gidion wamekaa nyuma kabisa, katikati ya waumini, na dada mmoja anasogea ili wapate nafasi. Mbele Wilbard anapanga. Meza. Biblia yangu. Kiti kimoja, anakifuta vumbi kwa leso yake.

Wimbo umekwisha. Wote wanatazama mlango huu.